Pindo la skafu ya Hermès, kwa mkono wa fundi wa Mombasa

Nina skafu moja ya Hermès, nyumba ya mitindo ya Ufaransa. Ni mraba wa hariri, sentimita 90 kwa 90, mchoro wake unaitwa Brides de Gala, na niliitamani miaka 15 kabla ya kuivaa mara ya kwanza, siku ya Idi mwaka 2023. Wengi wakizungumzia vitu hivi huanza na jina na bei. Mimi ni fundi wa kushona, kibanda changu kiko uchochoroni karibu na Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, na kazi inayonilisha zaidi ni kupinda: mitandio, buibui, shela za maharusi. Kwa hivyo nitaanza na pindo, maana tamaa yangu yenyewe ilianzia hapo.

Mwaka 2008 nilikuwa bado nafanya kazi chini ya fundi wangu, mzee mmoja wa maneno machache. Akaja mama mmoja, mtu wa hapa hapa ila maisha yake Ulaya, na skafu ndani ya bahasha. Hereni ilikuwa imekamata ukingo ikafumua pindo, urefu wa vidole vinne hivi. Mzee macho yalishaanza kumchosha, akanisukumia mimi.

Nikaishika. Mafundi wenzangu wanajua, kuna kitambaa ambacho vidole hukisoma kabla ya macho. Pindo lilikuwa limejaa, la mviringo kama tambi, na lilikuwa limeviringishwa kuja mbele, upande wa mchoro. Sisi tumefunzwa kulificha pindo nyuma. Hawa wamelileta mbele likae kama fremu ya picha. Nikatafuta mishono. Ilikuwapo, midogo sana, uzi wa rangi ile ile ya ukingo, na nafasi zake hazikulingana kama za mashine. Mmoja umesogea karibu, mwingine umekaa mbali kwa unene wa unywele. Kuna mtu alikaa kitini akaushona mshono ule, akavuta pumzi, akaendelea.

Sikuimaliza siku hiyo. Nikaenda nayo nyumbani, amana ya watu, nikaitandaza kitandani juu ya shuka safi. Nilitamani kuivaa. Nilisimama nayo mbele ya kioo, nikaona si haki, nikairudisha pale pale. Nikakaa nayo karibu na taa mpaka usiku mkubwa, nakagua kona moja baada ya nyingine, maana kona ndiyo mtihani wa kila pindo: kitambaa hukutana na chenyewe, kikazidi unene, na fundi asiye na subira hukikata. Zile kona nne hazikukatwa. Zilikunjwa mpaka zikatulia. Asubuhi yake nilipinda vile vidole vinne kwa saa mbili nzima. Mwenyewe alipokuja alipitisha kidole gumba ukingo wote asitambue palipofumuka. Alinilipa, akaitia ndani ya bahasha, akaenda zake, na mimi nikabaki nikiiwaza kama mtu aliyesafiri.

Tangu hapo nilianza kuuliza na kusoma. Nyumba ya Hermès ilianzishwa Paris mwaka 1837 na Thierry Hermès, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa vifaa vya ngozi vya kuvalisha farasi: hatamu, lijamu, mikanda ya kukokotea magari. Skafu ya kwanza ya mraba ilitoka mwaka 1937, miaka mia baadaye, na mchoro wake ulikuwa wa mabasi ya kuvutwa na farasi. Kazi ya hariri wanaifanyia Lyon, mji wa wafumaji tangu zamani. Kitambaa hutandazwa kwenye meza ndefu na kuchapwa rangi moja baada ya nyingine, kila rangi na fremu yake, na mchoro mmoja unaweza kuchukua rangi 30 na zaidi. Kosa la milimita moja kwenye fremu ya 25 linaharibu zote 24 zilizotangulia. Kisha hupigwa mvuke ili rangi ishike, huoshwa, hukatwa, ndipo wapindaji huketi na sindano.

Kilichonishangaza zaidi ni kuwa kitu hiki kina jina. Kila mchoro una jina lake, na mara nyingi jina hilo huchapwa humo humo ndani ya kitambaa. Mtu wa Pwani akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Leso yetu ina pindo, ina mji, ina jina, na skafu hii nayo ina ukingo, ina mchoro wa katikati, ina jina. Tena neno lenyewe leso tulilipata kwa Wareno, kwao ni kitambaa cha mkononi. Bibi zetu wa karne ya 19 walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora, wakachukua sita, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi. Nguo inayotuzaa, kutubeba na kutufunika ilianza kwa miraba midogo iliyoungwa na sindano. Nilipolijua hilo, ile skafu ya bahasha haikuwa tena kitu cha watu wa mbali.

Mwaka 2016 tamaa ilinishinda. Nikaona kwenye simu mtu anauza "orijino" kwa shilingi 3,500, nikatuma pesa. Ilipofika niliifungua kwa mikono iliyonawa, na kabla sijaikunjua yote vidole vilishanijibu. Pindo lilikuwa bapa, limeviringwa nyuma, limepigwa kwa mashine, mishono imesimama kama askari. Upande wa nyuma rangi zimefifia nusu nzima. Jina la nyumba lilikuwapo, kubwa na zuri, na ndilo nililoliamini kwenye picha. Nililia kidogo, si kwa shilingi 3,500. Niliona aibu kwamba mimi, fundi, nilinunua kwa macho ya mtu asiyejua kushona.

Basi nikaanza kuweka. Kila shela niliyoipinda kwa mkono nilitoa shilingi 200 nikaitia kwenye kopo, na kopo nikampa mama anitunzie. Nina binti ya kaka yangu anayeishi London, naye ana mazoea ya kupita maduka ya mitumba ya huko siku za Jumamosi. Siku moja akaniandikia: "Shangazi, nimeiona moja, pauni 130, nikutumie picha?" Nikamwambia jina asinipigie picha. Apige pindo, mbele na nyuma, na kona zote nne, karibu kadiri simu inavyoweza. Picha zikaja sita. Nilizikuza mpaka mshono mmoja ukajaa kioo kizima, na nikaona ule mwendo wa mkono, ule usiolingana. Nikamwandikia: "Lipa, mwanangu." Zilikuwa kama shilingi 22,000 kwa hesabu ya siku hiyo. Alinijia nayo mkononi aliposafiri kwa harusi ya familia.

Sasa skafu yenyewe. Brides de Gala ilichorwa na Hugo Grygkar mwaka 1957, na imechapwa tena na tena kwa rangi mbalimbali tangu wakati huo. Jina lake ni kama kusema hatamu za sherehe: hatamu za farasi, zimepambwa, zimeelekeana pande mbili kama watu wawili wanaoamkuana. Yangu ina ukingo wa rangi ya damu ya mzee na uwanja wa krimu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lamu aliyeshona sogi za punda, na nilipokunjua kitambaa hiki nikaona vifungo na vikuku vimechorwa mahali pake hasa, mkanda unapita palepale unapotakiwa kupita, nilijua angekaa chini na miwani yake akakikagua sehemu baada ya sehemu.

Nilimpelekea sonara jirani aipime: gramu 64. Uzani huo ni wa kushangaza kwa hariri ya upana huu. Hariri nyingi tunazoletewa hapa hupeperuka ukikohoa. Hii imefumwa kwa mistari midogo ya mshazari, ukiielekeza kwenye mwanga unaiona, na ndiyo inayoipa mwili. Ukiikunja inakaa ilipokunjwa. Ukiifunga, kifundo hakilegei mpaka jioni. Nyuma rangi ni kama mbele, tofauti ni ndogo hata wateja wangu wawili waliivaa kinyume wakijaribu.

Kwa kuwa ilishatumika, haikuja bila makovu, na yote ni ya mwenyewe wa kwanza. Kuna doa hafifu la rangi ya mdomo kona moja, ambalo likikunjwa ndani halionekani. Kibandiko cha maelezo ya kufua kilikuwa kimetolewa, na hilo ni kawaida kwa skafu za zamani. Upande mmoja mtu aliupiga pasi pindo likalala. Hili liliniuma kuliko doa. Nililitia mvuke wa birika kwa mbali, nikaliviringisha tena kwa vidole vilivyolowa kidogo, kidogo kidogo kwa siku tatu, na limeinuka, ingawa si kama pande zile tatu.

Kuivaa Mombasa kunataka akili. Hariri huteleza juu ya nywele na juu ya kofia laini ya ndani, kwa hiyo mimi huvaa kofia ya pamba chini yake. Kwa stara kamili sentimita 90 ni chache kwa mwanamke mwenye mabega mapana kama mimi. Inafunika kichwa na shingo, kifua hapana, basi huivaa juu ya buibui lenye kola iliyofunga. Pini usitie, itakamata uzi. Tone la maji huacha alama, na jasho la mwezi wa Februari ni maji yenye chumvi, kwa hiyo mchana wa Februari skafu yangu hukaa sandukuni. Marashi jipake wewe, uyaache yakauke, ndipo uivae. Udi nafukiza chumba kwanza kisha naitundika, siiweki juu ya chetezo kama ninavyofanya leso. Pasi iwe ya vuguvugu, upande wa nyuma, juu ya kitambaa cha pamba, na usimame nusu inchi kabla ya pindo. Narudia hapo kwa sababu nimeona pindo nyingi nzuri zikiuawa na pasi: usilipige pasi pindo la kuviringisha.

Siku ile ya Idi nilikwenda kwa shangazi yangu mkubwa, Kibokoni. Macho yake sasa yanaona vivuli tu. Nilipoinama kumwamkia akashika ncha ya skafu, akaisugua baina ya vidole viwili, akauliza kama anavyouliza kila leso mpya: "Yasemaje?" Nikamwambia, hatamu za sherehe. Akaendelea kulifuata pindo mpaka akafika kona, akasimama hapo kitambo, akasema huyu aliyepinda hii hakuwa na haraka. Akaniomba nimfunge kichwani. Nilimwachia mpaka tukaondoka.

Je, inastahili bei yake? Mpya dukani ni zaidi ya dola 500 za Marekani, kwa hesabu zetu ni shilingi 65,000 kwenda juu. Mimi siwezi, na sitamshauri mtu mwenye karo ya watoto aweze. Lakini kwa pauni 130, mkono wa pili, pindo likiwa hai, nasema ndiyo kwa moyo wote, maana najua kilichomo. Baada ya kuipata nilijipima: nikakata mraba wa hariri wa kipimo hicho hicho, nikauviringisha kwa mkono mzunguko mzima, sentimita 360. Mara ya kwanza ilinichukua siku mbili na mgongo ukaniuma wiki. Sasa namaliza kwa muda wa saa tano, na wateja wawili wa harusi wamenilipa kwa pindo hilo, wakijua wanacholipia kwa sababu niliwapa skafu yangu waiguse.

Ukitaka kununua ya mkono wa pili, omba picha ya pindo mbele na nyuma, omba picha ya kona, omba picha ya upande wa nyuma wa mchoro mzima kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji akikutumia picha ya lile sanduku la Hermès la rangi ya chungwa pekee, mshukuru uendelee na safari yako.

Kopo nimelirudisha kwa mama. Ninayoitafuta sasa inaitwa Les Clés, ya mwaka 1965, imejaa funguo za kale kubwa kubwa za chuma, kama zile za milango ya nakshi ya Mji wa Kale nilikokulia. Binti yangu wa London anajua. Kila Jumamosi asubuhi ya kwao nangoja simu ilie.