Simu mpya za mezani: jina laonekana, ila si kila mara

Nakaa mapokezi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Moi Avenue, Mombasa, na simu hazinyamazi tangu asubuhi. Hizi mpya zinazopitia intaneti zimeniondolea swali la "naongea na nani?" Mteja akipiga, skrini yatoa namba, na jina pia kama tumemhifadhi. Mwenye kontena lililokwama Kilindini namjua kabla sijainua mkono wa simu, hata maneno ya kumpoza nishayaandaa.

Ubaya ulikuwa kwenye namba. Majina tuliyahifadhi kwa namba zinazoanza na 07, ilhali laini yetu huzileta zikianza na +254. Kwa simu hizi hao ni watu wawili, basi jina halitokei. Fundi akazipanga zilinganishe tarakimu 9 za mwisho tu, mambo yakatengemaa. Ukienda kununua, uliza hilo mapema. Muuzaji wetu hakulitaja, ingawa bei aliitaja upesi.

Nikimpelekea bosi simu huku nikizungumza naye kwanza, yeye huona jina la mapokezi mpaka nijitoe. Ndipo la mteja hutokea. Bosi hapendi, mie sijali sana.

Maandishi ni makubwa, nayasoma bila miwani. Kwa ofisi yenye wateja walewale kila wiki, nunueni. Wenye kuficha namba ndio hawana dawa: skrini husema "haijulikani", na aghalabu ni wadai.