Kununua Mchaichai: Mabua Mabichi Kwanza, Unga Mwisho

Harufu ya limau kwenye mchaichai hutokana na sitrali, mafuta mepesi yaliyofichwa ndani ya jani. Jani likipondwa, likianikwa juani au likichemshwa bila kufunikwa, mafuta hayo yanapaa. Ndiyo maana tumepanga aina nne za mchaichai unaouzwa kwa kipimo kimoja tu: harufu kiasi gani itafika kikombeni.

Nafasi ya kwanza: mabua mabichi. Hayana mpinzani. Chagua bua gumu na zito, lenye shina jeupe au kijani kilichofifia. Likwangue kwa ukucha. Harufu ije papo hapo. Shina jekundu mara nyingi ni la jamaa yake anayekamuliwa mafuta ya kufukuzia mbu. Kwa majani wanafanana sana, lakini huyo si wa chai.

Tazama pia kitako, kile kipande kigumu ambapo mizizi huanzia. Kama hakijakatwa, punguza majani ya juu, simamisha bua kwenye maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Mizizi huonekana baada ya wiki mbili au tatu, kisha unapanda. Kitako kikikatwa bua halioti, hata ulibembeleze vipi. Mabua ya kupikia yafunge kwa kitambaa chenye unyevu, uyaweke kwenye friji. Yatakaa wiki mbili.

Ya pili: majani makavu yaliyokatwakatwa. Yakiwa kijani, yamekaushwa kivulini. Yakiwa ya manjano kama majani ya kuezekea, jua limeshachukua chake. Sugua machache kiganjani, unuse. Jani likipinda bila kuvunjika bado lina unyevu, na pakiti hiyo itaota ukungu. Epuka mfuko unaopitisha mwanga. Nyumbani yahamishie kwenye chombo kinachofunga vizuri, uyamalize ndani ya miezi sita.

Ya tatu: vifuko vya chai. Ni rahisi kutumia, basi. Soma viambato: pawe na mchaichai peke yake. Ukikuta "ladha ya limau", unalipia kionjo cha kiwandani.

Ya mwisho: unga. Kusaga kunaachia harufu yote kwa mpigo, na huwezi kujua kilichosagwa humo. Nyuzi za jani hili haziyeyuki, kwa hiyo zinakwaruza koo. Nunua tu kama umesagwa karibuni.

Chai nzuri inaharibika zaidi jikoni kuliko dukani. Ponda bua moja bichi, au chukua vijiko viwili vya chai vya majani makavu, mimina maji yanayochemka mililita 250, funika, subiri dakika 7 hadi 10. Ukichemsha wazi nusu saa, jiko zima litanukia na kikombe kitakuwa na ladha ya nyasi.

Kwa afya, chai hii haina kafeini, kwa hiyo inafaa jioni, na wengi huinywa kutuliza tumbo lililojaa gesi. Pakiti inayodai kutibu saratani au kisukari iache palepale. Mjamzito, au anayetumia dawa za presha au sukari, amuulize daktari kabla ya kuinywa kila siku.

Mafuta ya mchaichai hatukuyapa nafasi kwa sababu hayanywewi. Nunua yaliyo kwenye chupa ya kioo cheusi, yenye jina la kisayansi la mchaichai, *Cymbopogon citratus* au *Cymbopogon flexuosus*. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na uliache likauke: likibakiza doa la grisi, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Kwa ngozi, matone 3 ndani ya mililita 30 za mafuta ya nazi yanatosha. Jaribu kwanza kwenye mkono, usubiri saa 24, maana sitrali ikizidi huwasha na kuacha vipele.