Uzoefu wangu: miezi mitatu ya darasa la Pilates hapa Mbeya

Nimekuwa nikihudhuria darasa la Pilates la sakafuni, yaani mazoezi ya taratibu ya kuimarisha tumbo na mgongo, maeneo ya Forest, mara mbili kwa wiki saa 12:30 asubuhi. Ni darasa zuri na naendelea kulipia. Ila mwalimu ni mmoja na sisi tupo 12, kwa hiyo mengi inabidi ujisimamie mwenyewe.

Kwanza baridi. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai sakafu ya saruji haikaliki. Mwili uliopoa ukilazimishwa kujikunja, kiuno kinauma kutwa. Darasani tunapasha mwili moto dakika 5 tu, na kwa msimu huo hazitoshi. Fika dakika 10 kabla, tembea harakaharaka, zungusha mabega, kisha piga magoti na viganja chini, uinue na kushusha mgongo taratibu mara 8 hadi 10. Mkeka mwembamba wa milimita 4 nao hautoshi, maana kuna mazoezi ya kubingirika juu ya pingili za mgongo. Tafuta wa milimita 10 hadi 15, au tandika blanketi chini yake. Kipande cha godoro usilete: kinabonyea, hutajua nyonga imekaaje.

Na nyonga ndiyo kila kitu. Lala chali, kunja magoti, nyayo sakafuni. Weka viganja tumboni chini ya kitovu, sehemu ya karibu na kifundo cha mkono ikiwa kwenye mifupa miwili ya nyonga na ncha za vidole kwenye mfupa wa kinena. Viganja vikilala sawa kama meza, nyonga imekaa vizuri. Chini ya kiuno panabaki uwazi mdogo tu. Vuta pumzi kwa pua mbavu zitanuke pembeni, toa kwa mdomo huku tumbo la chini likiingia ndani kama mtu anayefunga zipu ya suruali inayombana. Sehemu ngumu ya zoezi ifanye ukitoa pumzi. Wengi wanaibana, shingo inakakamaa, halafu wanasema Pilates inaumiza shingo.

Zoezi linaloponza watu ni lile la Mia: umelala chali, kichwa na miguu juu, mikono inapigapiga hewani, hesabu 5 za kuvuta pumzi na 5 za kutoa, mizunguko 10. Kichwa kisivutwe na shingo. Kunja kifua kuanzia mbavu, na kati ya kidevu na kifua ibaki nafasi ya chenza. Miguu ukiinyoosha chini mno, kiuno kinanyanyuka kutoka mkekani na mzigo wote unahamia mgongoni. Anza na magoti yaliyokunjwa pembe mraba, na mizunguko 5 inatosha wiki za mwanzo. Shingo ikichoka, laza kichwa, mikono iendelee.

Ninacholaumu ni muziki wa kasi. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, aliita mbinu yake Contrology, yaani elimu ya kuutawala mwili. Ukifuata mdundo unajirusha, na kinachofanya kazi ni mrusho, siyo misuli. Mimi nafuata pumzi yangu hata nikibaki nyuma ya wenzangu.

Kubwa zaidi, hakuna anayeulizwa hali yake siku ya kwanza. Sema mwenyewe kabla hujalala mkekani. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu asijikunje mbele wala kubingirika, kwa sababu pingili zinaweza kupondeka upande wa mbele. Mjamzito aliyepita miezi mitatu ya mwanzo asilale chali muda mrefu, kwani uzito wa mimba unabana mshipa mkubwa wa damu. Mama aliyejifungua karibuni aangalie tumbo anapoinua kichwa: likisimama tuta katikati, kama tuta la viazi, aache zoezi hilo na aonane na mtaalamu wa viungo. Misuli kutetemeka ni kawaida. Maumivu makali, au ganzi inayoshuka mguuni, acha hapo hapo.

Darasa la Jumamosi lina watu wachache. Kama ndiyo unaanza, chukua hilo, na utandike mkeka safu ya mbele, ubavu wako ukimwelekea mwalimu, aone kiuno kikinyanyuka.