Kamera ndogo ya filamu inayojipimia mwanga: anza na ipi?

Anayetafuta kamera ndogo ya filamu leo mara nyingi ananunua kitu cha mtumba chenye miaka arobaini au zaidi. Kwa hiyo mimi sizipangi kwa ubora wa lenzi peke yake. Ninaangalia kitu gani kitakufa kwanza, na kikishakufa, fundi wa mtaani atakuwa na la kufanya au atatikisa kichwa tu.

Kwa kipimo hicho namba moja ni Olympus Trip 35. Ilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984 na zikauzwa mamilioni, ndiyo maana mpaka leo hazijaadimika. Haina betri kabisa. Kile kioo chenye vinundu kinachoizunguka lenzi kimefunika seli ya seleniamu: mwanga ukiipiga inatoa umeme kidogo, umeme unasogeza mshale ulio ndani, na mshale ndio unaoamua kitundu cha lenzi kifunguke kiasi gani. Kasi za shata, yaani kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, ni mbili tu, 1/40 na 1/200 ya sekunde, nayo inajichagulia. Giza likizidi, kibendera chekundu kinachomoza unapochungulia na kitufe kinagoma, kwa hiyo hupotezi picha. Umbali unaukadiria kwa vichoro: mtu mmoja, wawili, kikundi, mlima. Kasoro yake ni kwamba inaishia filamu ya ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga), na kwa jua la saa saba mchana ufukweni filamu ya 400 inaifikisha ukingoni, maana haivuki 1/200 na f/22 (namba ya f ikikua, kitundu kinakuwa kidogo). Tia ya 200.

Kuipima huhitaji filamu. Zungusha gurudumu la kuvutia filamu, weka pete kwenye A (yaani ijipimie yenyewe), ziba lenzi na seli kwa kiganja, bonyeza. Kibendera lazima kitokee. Sasa ielekeze nje kwenye mwanga na ubonyeze tena, lazima ikubali. Ikigoma hata juani, usiichukue, muuzaji akupunguzie atakavyokupunguzia. Ikikubali hata gizani, iache vilevile. Atakayekwambia "inataka kusafishwa kidogo tu", mwombe aisafishe kwanza ndipo umlipe.

Namba mbili ni Olympus XA2 ya 1980, wala si XA iliyoitangulia 1979, ingawa najua wapenzi wa XA watanipinga. XA ni kazi ya Yoshihisa Maitani, mbunifu wa Olympus, ina lenzi ya 35mm f/2.8, unachagua kitundu mwenyewe na unalenga umbali kwa kulinganisha taswira mbili. Inapendeza kweli. Lakini kamera ya mfukoni ni ya kuchomoa na kupiga, na hapo XA2 inaishinda: unasukuma kifuniko, unabonyeza. Lenzi ni f/3.5, hatua za umbali ni tatu, na ukifunga inarudi yenyewe kwenye ile ya kati. Tena bei yake huwa nafuu zaidi. Zote mbili zinatumia betri mbili ndogo za LR44, zile ambazo mafundi saa wanazo. Kinachozisumbua ni kitufe chekundu cha juu cha kupigia picha, ambacho ni cha kugusa tu. Niliwahi kununua XA mtandaoni kwa picha nzuri za muuzaji. Ilipofika, kitufe kilikuwa kinaitikia siku kinapotaka.

Namba tatu, Canon Canonet QL17 GIII ya 1972. Lenzi yake ya 40mm f/1.7 ndiyo itakayokufaa ukumbini usiku wa harusi. Unachagua kasi, yenyewe inachagua kitundu. Tatizo ni kwamba iliundiwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukitia ya volti 1.5 kipimo cha mwanga kinakudanganya, hivyo tafuta betri ya vifaa vya kusikia, ya namba 675, na uizungushie kipete ili ikae. Betri ikiisha bado unapiga kwa kupanga kila kitu kwa mkono.

Yashica Electro 35 naiweka mwisho. Picha zake nzuri, ila ni kubwa, na bila betri shata inabaki kwenye 1/500 tu. Hiyo si ya mfukoni.

Yoyote utakayochagua, fungua mlango wa nyuma uguse sponji za pembeni. Zikinata kama lami, mwanga utavuja. Kuzibadilisha si kazi kubwa, ila itumie kushusha bei. Halafu mulika tochi ya simu kupitia lenzi. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa sisi wa pwani ndiyo adui kuliko betri. Ukishanunua, ule mkoba wa ngozi uliokuja nayo utundike ukutani kama pambo. Ukiihifadhi kamera humo, unyevu wote unabaki ndani pamoja nayo.