iperf3 na Nmap: nilivyoupima mtandao wa saiba yangu Umoja kabla ya kuongeza kifurushi

Juni ikifika, saiba yangu hapa Umoja, Nairobi, hatua chache kutoka soko la Mutindwa, hujaa tangu saa moja asubuhi. Watu wanakimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kufaili ritani za kodi kwa KRA, na wengi hungoja hadi zibaki siku mbili tatu. Mwaka huu foleni ilikuwa ndefu lakini kazi haikusonga. Ukurasa wa iTax, tovuti ya KRA ya kufailia, ulikuwa ukifunguka nusu kisha unazunguka tu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikaa kwenye kompyuta ya 7 dakika 40 nzima, mwishowe akaniambia kwa upole, “Pole mama, wacha nijaribu kwingine.” Akaenda. Usiku ule nililala nikimfikiria.

Nikapigia simu kampuni inayoniletea intaneti. Jibu lao lilikuwa kwamba megabiti 40 hazinitoshi, nipande hadi 100. Nilikuwa tayari kulipa. Aliyenizuia ni mpwa wangu, anayesomea mambo ya mitandao. “Shangazi, usilipe kwanza,” akasema. “Unanunua tangi kubwa na hujui bomba limepasukia wapi.” Jumapili akaja na flashi yenye Linux, na ndani yake programu mbili ambazo hazilipiwi hata ndururu: iperf3, inayopima kasi kati ya kompyuta na kompyuta, na Nmap, inayoorodhesha vifaa vilivyo kwenye mtandao. Nimezitumia miezi minne sasa. Nawaandikia wenzangu wa saiba, wa maduka ya M-Pesa na wenye shule ndogo, maana pesa zetu zinaliwa na vifurushi tusivyovihitaji.

Nianze na kile ambacho kila mtu anakijua, yaani Speedtest ya Ookla. Ni nzuri, imekuwepo tangu 2006, na hata mteja wangu wa miaka 70 anajua kuibonyeza. Lakini ielewe inapima nini. Kwa kawaida yenyewe huchagua seva iliyo karibu, na kwetu hiyo ni seva ya hapa hapa Nairobi. Ikikupa 38, maana yake ni kwamba kutoka kompyuta yako hadi ng’ambo ya mji njia ni nzuri. Haijavuka bahari. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, kipimo cha aina hiyo kisingekueleza kwa nini tovuti ya Ulaya inakokota. Ukitaka kujua hilo, badilisha seva kwa mkono, uchague ya London au Marseille. Pia kumbuka inahesabu megabiti, si megabaiti. Gawanya kwa 8 ndipo ujue faili lako litachukua muda gani. Nimeamua kesi nyingi za wateja kwa hesabu hiyo moja.

Kwangu Speedtest ilinipa mafumbo. Kompyuta ya 1 ilisoma 38, ya 7 ikasoma 6, dakika ile ile, laini ile ile. Kwa hivyo tatizo halikuwa kwa kampuni pekee. Lilikuwa ndani ya kuta zangu, na hapo ndipo iperf3 inapofanya kazi ambayo Speedtest haiwezi. Hii haigusi intaneti kabisa. Kompyuta moja inakuwa seva kwa kuandika iperf3 -s, nyingine inaandika iperf3 -c na anwani ya ile ya kwanza, kisha zinarushiana data kwa sekunde 10. Unachosoma ni uwezo wa kebo na swichi zako mwenyewe, yaani visanduku vinavyounganisha kebo za kompyuta. Programu hii hutunzwa na ESnet, mtandao wa utafiti wa Marekani ulio chini ya maabara ya Berkeley. Wao hupima nayo njia za wanasayansi, mimi napima chumba cha mita nane kwa sita. Inafaa kote.

Kati ya kompyuta ya 1 na ya 2 tulipata megabiti 941. Hiyo ndiyo afya ya swichi ya gigabiti, kwani zilizobaki kufika 1,000 huliwa na vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayosafiri na kila kipande cha data. Tukahamia ya 7, iliyo upande wa pili pamoja na ya 6 hadi ya 10, ambako kuna swichi ya pili. Namba zikaanza 80, zikashuka 31, zikaja 12, zikapanda tena. Mpwa wangu akasema kwanza kabisa hata ile 80 ni ushahidi: laini ya gigabiti isiyopita 94 au 95 ni laini iliyoshuka hadi 100, na mara nyingi hiyo ni kebo. Gigabiti inahitaji nyaya zote 8 ndani ya kebo, ilhali megabiti 100 hutosheka na 4. Waya mmoja ukikatika, vifaa havikuambii lolote. Vinakubaliana kimyakimya kwenda polepole.

Halafu akapima kwa UDP, yaani kutuma data bila kungoja uthibitisho kwamba imefika, na hapa sikilizeni vizuri kwa sababu watu wengi huteleza. Ukiandika -u peke yake, iperf3 hutuma megabiti 1 tu kwa sekunde, na kebo mbovu inaweza kuonekana nzima. Lazima useme unataka kiasi gani, kwa mfano -u -b 50M. Tulipofanya hivyo, asilimia 12 ya pakiti zilipotelea njiani. Katika chumba kimoja! Ongeza -R ili data itoke upande wa pili pia, maana bila hiyo unapima kutuma tu, na wateja wako kazi yao kubwa ni kupokea.

Tulitoka na kijaribio cha kebo nilichonunua Luthuli Avenue kwa Sh600. Taa ya 7 na ya 8 hazikuwaka, hizo ni jozi ya kahawia. Taa ya 2 ilikuwa ikiwaka na kuzima kila kebo ilipotikiswa. Kebo yenyewe ilipita chini ya mlango wa chuma, na miaka yote ule mlango ulikuwa ukiikanyaga asubuhi na jioni. Mpwa wangu akakwangua waya mmoja kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba. Niliuziwa kama shaba tupu na nikalipa bei ya shaba tupu. Nawasihi, kabla hujalipia kebo, omba ukwangue kipande mbele ya muuzaji. Mwenye mali halali hatakataa.

Kebo mpya ya shaba ya mita 20, vichwa vya RJ45 na koleo la kubana vilinigharimu jumla ya Sh3,500 pamoja na kile kijaribio. Kompyuta ya 7 ikasoma 940 kwa iperf3 na 38 kwa Speedtest. Kifurushi kikabaki kile kile cha 40.

Ningeweza kuishia hapo, lakini jioni bado kulikuwa kuzito. Asubuhi saba za wiki, duka likiwa tupu, ping, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, ilikuwa milisekunde 8. Saa mbili usiku, na wateja watatu tu ndani, ilifika 600. Kuna mtu alikuwa akiijaza njia ya kupakia. Tukafungua Nmap.

Nmap ni ya Gordon Lyon, ajulikanaye kama Fyodor, aliyeitoa mara ya kwanza 1997, na bado inatunzwa hadi leo. Amri ya kwanza tuliyoandika ni sudo nmap -sn 192.168.1.0/24, inayobisha hodi kwa kila anwani na kuuliza nani yuko nyumbani. Mimi nina kompyuta 10, rauta, printa, rekoda ya kamera na simu yangu. Kumi na nne. Nmap ikaorodhesha 27.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Ni kama kuhesabu watoto usiku na kukuta 13 wasio wako wamelala sebuleni. Nywila ya waifai niliwahi kumpa mteja mmoja 2021 kwa nia njema, sikuibadilisha tena, na ikasambaa ploti nzima. Picha na video za simu zao zilikuwa zikijipakia jioni watu wakirudi kutoka kazini, kwa gharama yangu. Kwenye orodha ile Nmap huonyesha anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, na kampuni iliyotengeneza kifaa. Ukiona haijui kampuni, tazama herufi ya pili ya anwani: ikiwa ni 2, 6, A au E, aghalabu ni simu ya kisasa iliyojibunia anwani ya bandia. Usihangaike kutafuta ni ya nani, badilisha nywila tu.

Tukaibadilisha, tukazima na WPS. Kitufe hicho cha kuunganisha bila nywila hutumia pia PIN ya tarakimu 8, na 2011 ilifichuliwa kwamba rauta huikagua nusu kwa nusu, hivyo anayebahatisha hahitaji kujaribu milioni 100, 11,000 zinamtosha. Wateja wa waifai sasa wana mtandao wao wa wageni, hauonani na kompyuta zangu. Usiku huo ping ya saa mbili ilisoma 13.

Kilichoniogopesha zaidi ni rekoda ya kamera. Tulipoielekezea nmap -sV, inayouliza kila poti (mlango wa mtandao wa kifaa) ina huduma gani, ilijibu kwamba poti 23 iko wazi, yaani Telnet, mlango wa zamani unaopitisha nywila bila kuifunika. Fundi aliyefunga kamera aliacha jina na nywila za kiwandani. Virusi vya Mirai mwaka 2016 viliishi kwa njia hiyo hiyo: vilizunguka dunia vikijaribu orodha ya nywila za kiwandani takriban 60 kwenye kamera na rauta za watu wa kawaida, vikakusanya jeshi, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo likaishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki sehemu nyingi za Marekani. Rekoda yangu ingeandikishwa jeshini bila mimi kujua. Mpwa wangu alipopima kutoka nje kwa data ya simu, tukakuta rauta imeifungulia mlango wa barabarani yenyewe kupitia UPnP, njia ambayo kifaa huiomba rauta ikifungulie poti. UPnP tumeizima, tumebadilisha nywila, na rekoda haitoki tena nje.

Kompyuta ya 4, ya kuchapishia, ilikuwa bado na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Skripti ya Nmap iitwayo smb-vuln-ms17-010 iliisoma poti 445 na kusema ina tundu lile lile walimopitia virusi vya WannaCry, vilivyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, Mei 2017. Kwenye mashine hiyo hupita vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, PIN za KRA za majirani zangu. Ilipata Linux jioni ile ile, sikungoja Jumatatu.

Kasoro zipo. iperf3 haina picha wala vitufe, na ESnet hawatoi toleo la Windows, kwa hivyo zile za Windows unazozikuta zimejengwa na watu wengine; tumia flashi ya Linux uwe na amani. Seva yake pia hupokea mtu mmoja kwa wakati, msijaribu kompyuta tano pamoja. Nmap ina Zenmap yenye madirisha, nafuu kwa anayeanza, ila ipakue nmap.org pekee. Na msiongeze --allports. Kwa kawaida -sV huiruka poti 9100 kwa sababu printa huchapa chochote inachotumiwa hapo. Mpwa wangu aliongeza neno hilo, na printa ikatema karatasi 11 za herufi zisizosomeka.

Mpwa wangu alitaka kunifundisha Wireshark pia. Nimekataa kuiweka kwenye mashine za duka. Ni chombo kizuri cha kuchungulia pakiti moja moja, lakini mteja anayeketi kwangu ananiamini kwamba sichungulii, na nataka niweze kumwambia hivyo nikimtazama usoni.

Jambo jingine, pimeni cha kwenu tu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaadhibu kuingia mfumo wa mtu bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Jirani yangu wa duka la simu aliniomba nimpimie. Nilimwambia aje akae kando yangu, tukapima kwake akiona kila amri. Tulikuta vifaa 9 na anavyo 5.

Ninazipima zote sasa kila Jumapili kabla ya kufungua, dakika 20 hivi, na namba naziandika kwenye daftari la mauzo. Wiki iliyopita kompyuta ya 9 ilisoma 610 badala ya 940, na kebo yake ni ile ya zamani ya alumini. Nimeshapima urefu: mita 7. Jumamosi naenda Luthuli, na wembe uko mkobani.