Elfu hamsini ya ATR kwenye simuleta, na ile pangaboi nyingine iliyotaka nilipie jina mara mbili

Wakuu habari za muda. Mi niko Mtwara mjini, Chikongola, na hii ni rivyu ya ndege mbili za kuongezea kwenye simuleta ya Microsoft, ile programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, zote pangaboi, yaani za propela, zote nimenunua kwa hela yangu mwenyewe. Itakuwa ndefu kidogo maana kila nikiposti picha naulizwa inboksi, we kaka inakuwaje ndege ya kwenye kompyuta iuzwe bei ya kilo ishirini za mchele, na hizo bei zinazopanda "kisa leseni" ndo nini. Nimelifuatilia hili jambo mwaka mzima, limeniuma na limenifundisha, sasa wacha niliseme lote.

Kwanini pangaboi? Sisi huku kusini ndo ndege tulizokua nazo. ATR za Precision Air, halafu zile Q400 za Air Tanzania ambazo zilianza kuingia nchini Septemba 2016 na mpaka leo mtaani zinaitwa bombadia, hata bibi asiyejua kusoma anajua bombadia ni ndege gani. Ukiwa njia ya Naliendele unaisikia kabla hujaiona, ule mngurumo wa chini chini, watoto wanaanza kukimbia. Kwa hiyo mi sikuwahi kuwa na hamu na jumbo. Nilitaka nipae Dar na kile nilichokuwa nakiona kinashuka hapa, nifuate pwani, niipite Lindi, nione ghuba ya Mikindani, nitue HTMT, yaani uwanja wetu wa Mtwara.

Nianze na ATR. Ni zile ATR 42-600 na 72-600 zilizotoka Aprili 2023 kwa Microsoft Flight Simulator, bei dola 19.99 kwa zote mbili, na zimetengenezwa kwa makubaliano na ATR wenyewe wa Toulouse, kampuni ambayo Airbus na Leonardo wanaimiliki nusu kwa nusu. Nililipa kwa ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ikakatwa kama elfu hamsini na kitu, nikaiacha ishuke usiku kwa bando la usiku.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mjomba wangu alipakia mizigo eapoti miaka mingi kabla hajarudi Tandahimba kwenye mikorosho yake. Siku hiyo alikuja mjini kufuatilia malipo, kafika nyumbani kanikuta naiandaa ndege, nikamwamkia, akavuta kiti. Kwenye ATR kuna kitu kinaitwa hotel mode, yaani injini ya kulia inawaka lakini pangaboi lake limefungwa breki halizunguki, ndege inapata umeme na ubaridi ikiwa imesimama, kwa sababu ATR haina ile injini ndogo ya mkiani ambayo jeti zinayo. Mi nikabonyeza, injini ikashika, pangaboi likatulia vilevile.

Mzee akasogea karibu na skrini. "Mjomba, hata hili wameliweka?"

"Umelijuaje, mjomba?"

"Si ndo tulikuwa tunapakia hivyo. Abiria wanapandia nyuma kushoto, mzigo unaingia mbele kushoto, la kulia linanguruma peke yake na hakuna mtu anaenda huko. Hebu zungusha niuone mlango wa mzigo."

Nikazungusha kamera. Akauangalia ule mlango muda mrefu, akaweka kidole kwenye skrini pale pale alipokuwa anasimama na toroli. Hakusema neno lingine, alikaa na mimi mpaka tukatua Dar, saa nzima na zaidi, mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta dakika kumi.

Hapo ndo nikaelewa leseni ikiwa ya kweli inaweza kukununulia nini. Si neno ATR kwenye menyu tu. Mtengenezaji wa ndege halisi akikubaliana na developa, yaani anayeunda ile ya kwenye kompyuta, anaweza kumfungulia vitabu vya mifumo, michoro, namba za injini, akamwonyesha hapa umekosea hapa uko sawa. Sisemi bila leseni haiwezekani. Kuna ile A320 ya FlyByWire, ya bure kabisa, msimbo wake (code) uko wazi mtu yeyote anausoma, na imeenda mbali sana kwa nguvu za watu wanaojitolea, na kama huna hela anzia hapo wala usione aibu. Ila kwa ATR hela yangu naiona, iko pale kwenye breki ya pangaboi.

Sasa ya pili. Hii sitaitaja jina la developa wala duka nililonunulia, nitaeleza yaliyonikuta tu. Ni pangaboi ya injini mbili pia, niliinunua dola 35 nikiwa na furaha kweli maana ndo ilikuwa ya kufanana na ndege ya ndoto yangu. Miezi ya kwanza sawa, inapaa, ina kasoro zake, mfano ukirudisha mkono wa nguvu nyuma kidogo sindano za torki, zile zinazoonyesha nguvu ya kuzungusha pangaboi, za injini mbili hazishuki pamoja, ya kushoto inachelewa kama sekunde mbili halafu inaanguka ghafla na ndege inapinda. Nikaripoti, wakasema itarekebishwa.

Ikaja apdeti. Nafungua ndege, jina halipo. Kwenye menyu imeandikwa kitu kama "ndege ya abiria ya mikoani yenye injini mbili", na pale katikati ya usukani palipokuwa na nembo pamebaki duara jeusi, yaani limepakwa hivi hivi, ukisogeza kamera unaona kingo zake zimekatwa vibaya. Sauti ile ile, torki ile ile. Wakatoa maelezo kwamba mwenye jina anataka ada ya leseni, wako kwenye mazungumzo. Nikasema haya, tuvumilie. Baada ya miezi mitatu jina likarudi, nembo ikarudi, bei ikapanda hadi dola 48, na sisi tuliokwisha nunua tukaambiwa tukitaka toleo lenye jina tuongeze dola 12. Kasoro ya torki? Ipo. Nimeiangalia kwa mwenzangu aliyelipa, sindano ya kushoto bado inachelewa vile vile.

Hilo ndo limeniudhi wakuu. Mi sikatai leseni kulipiwa, ila dola 12 za kwangu zinunue kitu kwenye ndege.

Nieleze kidogo hizi ada zinakuwaje maana watu wanachanganya. Ndege halisi ina vitu kadhaa vyenye wenyewe: jina na nembo, hizo ni alama za biashara, kama hapa kwetu unavyosajili BRELA na unapewa miaka saba halafu unahuisha kwa miaka kumi kumi. Kuna vitabu vya urubani na michoro, hivyo ni hakimiliki. Kuna umbo lenyewe, ambalo nchi nyingine linaweza kusajiliwa kama muundo kwa muda fulani. Na kuna rangi na nembo ya shirika la ndege, ile twiga wa Air Tanzania ni ya Air Tanzania, haihusiani na aliyeunda ndege. Kwa hiyo developa anaweza kujikuta anazungumza na watu wawili watatu kwa ndege moja. Malipo mara nyingi ni asilimia ya kila kopi inayouzwa, na wengine wanadai kwanza kiasi cha chini uwape mkononi kabla hujauza hata moja. Kampuni kubwa inabeba, kijana mmoja na laptopu yake habebi, ndo anaishia kufuta jina.

Ndo maana ukinunua Boeing ya PMDG, hao ni watengenezaji wa ndege za simuleta, utakuta imeandikwa wazi kwamba majina ya Boeing yametumika kwa leseni. Hilo nalipenda, mnunuzi anajua.

Halafu angalieni bombadia yetu hii, jina lake limepita mikono mingapi. Dash 8, ukoo wa hiyo Q400, iliruka mara ya kwanza 1983 chini ya de Havilland Canada, kampuni ikanunuliwa na Boeing miaka ya themanini, 1992 ikaenda Bombardier, na Juni 2019 programu nzima ikauzwa kwa kampuni ya Longview, jina la De Havilland Canada likarudi. Leo Bombardier anatengeneza ndege binafsi za matajiri tu. Yaani kama ulikubaliana na Bombardier mwaka 2015 kuweka Q400 kwenye simuleta, baada ya miaka minne mwenye haki ni mwingine, na huku Mtwara tunaendelea kusema bombadia. Na ile jeti ya A220 ndo kabisa, Air Tanzania iliagiza ikiwa bado ya Bombardier inaitwa CS300, Airbus wakaingia Julai 2018 wakabadilisha jina, ilipotua Dar Desemba 2018 ndege ni ile ile ila jina A220-300. Sasa developa aliyekuwa ameanza kuichora CS300 amlipe nani?

Mahakama za Marekani nazo hazijatoa jibu moja. Januari 2012 watengeneza gemu Electronic Arts walikwenda mahakamani dhidi ya Textron, wenye kampuni ya helikopta ya Bell, kwa ajili ya helikopta tatu kwenye gemu ya Battlefield 3, wakitaka itamkwe kwamba kuzionyesha ni uhuru wa kujieleza. Textron nao wakafungua madai yao, na Julai mwaka huo jaji akakataa kuyafuta, akasema yaendelee. Lakini 2020 jaji mwingine, New York, akaamua kesi ya gari la kijeshi la Humvee kwenye gemu ya Call of Duty upande wa watengeneza gemu, kwamba kuweka kitu halisi ili mchezo uwe na uhalisia ni haki ya msanii. Developa mdogo hana hela ya wakili wa kwenda kujua kesi yake itaangukia upande gani, akipokea barua tu anafuta nembo usiku huo huo.

Na mi wenye majina nawaelewa. Tumetoka kwenye korosho sisi. Korosho ya Newala na Tandahimba inaondoka bandarini kwenye magunia ikiwa ghafi, inarudi kwenye pakiti imeandikwa jina la mtu mwingine na bei mara kadhaa, na aliyepalilia haonekani popote kwenye ile pakiti. Kwa hiyo mtu aliyekaa miaka kumi anaunda ndege akisema jina langu lina thamani, nipe changu, ana haki kabisa. Mi nataka ile hela iwe na kazi inayoonekana.

Mfano mzuri upo. Februari 2023 ilitoka An-225, lile dege kubwa la mizigo la Antonov, kwa simuleta hii hii, iliyotengenezwa na developa iniBuilds kwa ushirikiano na kampuni ya Antonov yenyewe, dola 19.99, na ikatangazwa kwamba mapato yanaenda kwa Antonov kusaidia kuijenga upya, baada ya ile ya kweli kuharibiwa vitani Hostomel, Ukraine, mwaka 2022. Ndege yenyewe ilikuwa moja tu duniani. Nilimweleza mjomba kwenye simu, akauliza kama bado inauzwa. Hapo mtu analipa jina la mwenye ndege na roho yake safi.

Kwa hiyo maoni yangu kwa wanaonunua: angalia ukurasa wa bidhaa umeandikwa leseni ya nani na leseni hiyo imebadilisha nini ndani ya ndege. Kama bei imepanda na orodha ya mabadiliko ina jina na nembo tu, subiri. Kwa developa: ukichukua leseni, nenda kwa mwenye ndege na orodha ya maswali yako ya torki na mafuta na barafu, usirudi na stika peke yake. Na mliokwisha tuuzia msitutoze tena, sisi ndo tulikununulieni wakati hamna hata jina, tena kuna vijana huku wanakusanya buku buku miezi mitatu kupata ndege moja. Na wenye majina, kile kiasi cha kutanguliza kiondoeni kwa hawa wadogo, chukueni asilimia kopi zikiuzwa, hata mkulima huku anakatwa baada ya mnada.

ATR naipa nne na nusu kati ya tano, nusu nimeipunguza kwa sababu inataka kompyuta yenye nguvu na laptopu yangu inachemka nikikaribia Dar. Ile nyingine mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za umbo, maana aliyeichora kwa nje anajua kazi yake. Nimewaandikia tena wiki iliyopita na video ya sindano ya kushoto. Dola 12 zao ninazo kwenye simu, nitalipa siku sindano zote mbili zikishuka pamoja.