Rola za Kukandamiza Mbao kwenye Msumeno wa Meza: Ikague Fensi Kabla ya Kufungua Pochi

Mwaka jana, nikiwa na oda ya miimo ya milango ya mninga, nilinunua jozi ya rola za kukandamiza mbao, zinazofungwa juu ya fensi, yaani ule ukingo mrefu wa msumeno ambao ubao huuegemea unapopasuliwa, katika duka moja la vifaa hapa Dar es Salaam. Muuzaji alinihakikishia, "Mama, hizi zinaingia kwenye kila fensi," nami nikamwamini, kwa kuwa picha iliyokuwa kwenye boksi ilionyesha fensi inayofanana kabisa na yangu. Nilizifunga jioni ileile. Asubuhi yake, katika ubao wa tatu, nilipokaribia mwisho wa mpasuo, meno ya nyuma ya bledi yaliuinua ubao, rola ya nyuma ikaukandamiza kama inavyopaswa, na kilichonyanyuka kikawa fensi yenyewe. Mkia wake, yaani ncha yake ya nyuma, uliachana na meza, ubao ukaenda upande na kubana, kisha ukarushwa nyuma ukatoboa bati la ukuta wa karakana. Nilinusurika kwa sababu fundi aliyenifundisha kazi hakuwahi kuniruhusu kusimama nyuma ya ubao unaopasuliwa.

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kifaa cha aina hii nilichoweza kukipata au kuazima, na mafundi wenzangu kadhaa wa Keko na Buguruni wamenieleza mkasa unaofanana na wangu. Katika mwongozo huu sitajadili ugumu wa mpira wa rola, rangi, wala wepesi wa kuzungusha vishikio, kwa sababu hayo mnunuzi huyaona mwenyewe akiwa dukani. Nitashughulika na jambo ambalo halionekani dukani, nalo ni kwamba nguvu ileile ambayo rola huitumia kuushindilia ubao chini ndiyo inayoisukuma fensi juu, na fensi nyingi hazikuundwa kuhimili msukumo huo.

Ni vyema kwanza tuelewe kinachotokea mezani. Meno ya mbele ya bledi hushuka, na kwa hiyo huusaidia ubao kulala. Meno ya nyuma hupanda kutoka chini ya meza, na ubao ukiyagusa kwa ubavu huinuliwa na kurudishwa kwa anayesukuma. Bledi ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hupeleka meno yake kwa mwendo wa takriban mita 53 kwa sekunde, ambao ni zaidi ya kilomita 190 kwa saa, na hakuna mkono unaoweza kushindana na mwendo huo. Rola nzuri hufanya kazi tatu kwa pamoja: huukandamiza ubao, huuvuta uegemee fensi, na hukataa kuzunguka kinyume ubao unapotaka kurudi. Kazi zote tatu huitegemea fensi, na fensi ikinyanyuka hata milimita mbili, shinikizo hupotea kule nyuma ya bledi ambako linahitajika kuliko kwingine kokote. Kwa wanaopasua fomeka na mbao nyembamba tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa karatasi ya fomeka hupenya chini ya fensi iliyonyanyuka na mpasuo mzima huharibika.

Fensi zinazoathirika zaidi ni zile zinazojifunga upande wa mbele peke yake. Muundo wa aina hiyo uliopata umaarufu mkubwa ni ule wa Biesemeyer wa Marekani, wenye kichwa cha umbo la T kinachobana bomba la mbele, na ndio unaoigwa na wachomeleaji wengi wanaotutengenezea meza za misumeno kwa vyuma vya pembe na bomba la mraba. Ni fensi nzuri, hukaa sambamba na bledi bila usumbufu, lakini mkia wake umeachwa huru. Kwa upande mwingine, DeWalt DWE7491RS hushika fensi yake mbele na nyuma, na tofauti hiyo huhisika mara tu rola zinapofungwa.

Kabla hujanunua chochote, funga fensi yako kama unavyoifunga unapopasua, kisha weka kidole chini ya mkia wake na uinue kwa nguvu kiasi. Ikinyanyuka kwa kidole, itanyanyuka kwa rola, na hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kumpa mchomeleaji kipande cha chuma bapa atengeneze ndoano inayopita chini ya reli ya nyuma au chini ya ukingo wa meza, ikiwa na bolti ya kukazia. Hiyo ndiyo niliyoichagua, na gharama yake ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na rola zenyewe. Ya pili ni kuubana mkia kwa klampu kila baada ya kuisogeza fensi, kazi ambayo fundi mwenye haraka ataiacha siku ya pili. Ukishaweka ndoano, pima tena umbali kati ya fensi na bledi, mbele na nyuma, kwa sababu kukaza mkia kunaweza kuuvuta kuelekea bledi, na fensi inayobana nyuma ni hatari kuliko fensi inayonyanyuka.

Baada ya maelezo hayo, chaguo langu la kwanza ni JessEm Clear-Cut, zinazotoka kwa kampuni ya Kanada, na sifichi kwamba nazipenda. Rola zake zimeinamishwa nyuzi 5 kuelekea fensi, kwa hiyo ubao huvutwa uiegemee fensi bila wewe kuusukuma kwa ubavu. Beringi zake huzunguka upande mmoja tu. Na kila mkono una marekebisho yake ya kimo, jambo linalosaidia unapotoka kwenye ubao wa inchi mbili kwenda kwenye plaiwudi ya milimita 18. Kilichonishawishi hasa ni kwamba huja na reli yake ya alumini, ambayo unaifunga juu ya fensi mara moja na baada ya hapo rola huteleza na kuondolewa bila kufungua bolti. Kwenye fensi ya bomba la chuma, toboa na ukate hesi za M6, au pitisha bolti hadi upande wa pili. Usitegemee skrubu za kujichimbia katika alumini nyembamba, kwa sababu mtetemo huzilegeza. Kama hutaki kuitoboa fensi, tengeneza tandiko la plaiwudi linaloikalia fensi pande zote mbili, likabane kwa bolti, kisha funga reli juu ya tandiko hilo. Msumeno wangu umekaa hivyo kwa miezi kadhaa sasa.

Nafasi ya pili naipa Board Buddies za Marekani, zile za njano, ambazo nazo hukataa kurudi nyuma. Ni imara na hazina mambo mengi, na hufungwa vizuri kwenye fensi ya ziada ya mbao. Hata hivyo, mtu anayebadili unene wa mbao mara nyingi atahisi upungufu wake, kwa kuwa kimo cha rola kinafuata kimo cha mahali kitako kilipofungwa.

Vitana vya sumaku vya Magswitch, yaani vibao vyenye meno ya kunyumbulika kama ya chanuo vinavyoukandamiza ubao, nimeviweka nafasi ya tatu, na kwa masharti. Sumaku yake ni nzuri sana juu ya chuma cha kusubu, lakini misumeno mingi ya kubebeka inayouzwa kwetu ina meza ya alumini, ambayo sumaku haiishiki kabisa. Nenda dukani na sumaku ndogo mfukoni uiguse meza ya msumeno unaoutaka. Kumbuka pia kwamba kitana kinachosukuma ubao kwa ubavu huwekwa mbele ya bledi tu. Ukikiweka sambamba na bledi kitaubana mpasuo.

Vitana vya plastiki vya bei nafuu na vile vya kujitengenezea kwa mbao vinafaa kwa kazi nyepesi, navyo havina uwezo wa kuzuia ubao mzito wa mninga.

Hakuna rola yoyote kati ya hizi inayokufaa kwa vipande vyembamba, kwa kuwa zenyewe hukalia nafasi iliyo kati ya fensi na bledi, na fimbo ya kusukumia hukosa pa kupita. Ziondoe, utumie kisukumio kinachoushika ubao kwa juu. Wala haziondoi haja ya kisu kinachosimama nyuma ya bledi kuuweka mpasuo wazi, hasa kwa paini changa zinazouzwa mbichi, ambazo hujikunja zikiwa bado ziko mezani.

Kinachoniudhi mpaka leo ni biashara yenyewe. Seti ya JessEm huzidi dola 250 huko inakouzwa, na ukiongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, fundi wa kawaida anakata tamaa, ndipo anapoangukia mikononi mwa wauzaji wanaoandika "inaingia kwenye kila fensi" bila kutaja upana wala unene wa fensi hata mmoja. Niliporudi dukani na rola zangu, niliambiwa bidhaa iliyokwisha kufungwa hairudishwi, kana kwamba kuna njia ya kuijaribu bila kuifunga. Boksi langu halikuwa na reli, na bolti zake zilikuwa fupi kwa milimita sita. Siku hizi nakwenda dukani na kipande cha bomba la mraba kilichokatwa kutoka chuma kilekile cha fensi yangu, naomba rola zifungwe juu yake mbele yangu, na muuzaji anayekataa sinunui kwake.